Damu ya Kitovu

Mpwani akitaka kukueleza kwao ni wapi, hatakutajia namba ya kitambulisho. Atakwambia kitovu chake kimezikwa wapi. Msambweni, Milalani, Shirazi, Bodo, Gazi: kote huko ipo minazi ambayo chini yake kimelala kipande cha mtu ambaye leo pengine anaendesha tuktuk Ukunda au anapika kwenye hoteli ya Diani. Kitovu kikishafukiwa, mtoto ana kwao.

Katika miaka ya 1990, Wilaya ya Kwale, kitovu kilipewa kazi moja zaidi kabla hakijaenda kuzikwa. Mama aliyekubali kushiriki alipojifungua, damu iliyosalia upande wa kondo, ambayo haimfai tena mama wala mtoto, ilikingwa chupani na kupelekwa maabara. Huko seli nyeupe zilitengwa, zikachanganywa na maji yaliyosagiwa minyoo ya kichocho na ya matende, kisha wataalamu wakangoja siku kadhaa. Walitaka kujua jambo moja. Mtoto ambaye hajakanyaga tope, hajaoga bwawani, hajaumwa na mbu hata mmoja, je, anaijua minyoo?

Wengi waliijua. Seli za watoto hao, ambao mama zao waliwabeba huku wakiwa na vimelea mwilini, ziliitikia kama seli za watu wazima walioishi na minyoo miaka nenda miaka rudi. Seli za watoto waliozaliwa Marekani, zilipojaribiwa kwa njia ileile, zilinyamaza kama mtu anayesemeshwa kwa lugha asiyoijua. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1997 na Indu Malhotra, Christopher King, John Ouma na wenzao, timu iliyounganisha Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Cleveland na wataalamu wa Wizara ya Afya ya Kenya. Mwaka uliofuata waliongeza jambo lililonishangaza zaidi nilipolisoma: watoto hao wachanga walikuwa tayari wanatengeneza kingamwili za aina ya IgE dhidi ya minyoo ya mama zao. IgE ndiyo kingamwili ileile inayomkaba pumzi mgonjwa wa pumu.

Hapo ndipo kichocho cha Msambweni kinapokutana na kifua cha mtoto wa mjini anayelala na pampu ya pumu chini ya mto. Njia ya kutoka kimoja hadi kingine ni ndefu, imepitia Ethiopia, Lambaréné, Japani na Edinburgh, lakini sehemu yake kubwa ilichimbwa kwa damu ya watu wa huku.

Nianze na maji. Ukiitazama Kwale kutoka barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga utadhani ni nchi ya maji tele. Mwachema unaingia baharini Diani, Mkurumudzi unashuka hadi Gazi, Ramisi unapita kwenye mashamba ya miwa. Lakini maji ya kufulia, kuogea na mara nyingi ya kunywa yalikuwa, kwa vizazi, maji ya kidimbwi: bwawa la ng'ombe, jaruba la mpunga, shimo lililobaki baada ya kuchimbwa udongo wa kukandikia nyumba. Katika maji hayo yaliyotuama huishi konokono mdogo wa jamii ya Bulinus. Yai la kichocho likiingia majini pamoja na mkojo wa mtu, lava yake humtafuta konokono huyo, huzaana ndani yake, na baada ya wiki kadhaa, jua linapokuwa kali, maelfu hutoka na kuogelea wakitafuta ngozi. Mtoto aliyejitosa bwawani saa sita mchana hahitaji kukaa sana. Hasikii kitu ila pengine mwasho.

Mnyoo ukishakomaa hukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Dume ana mfereji kifuani, na jike hukaa humo, wamekumbatiana kwa miaka. Mayai yao yana mwiba. Yanapotoboa ukuta wa kibofu mkojo hutoka na damu, na kwa muda mrefu mtoto anaweza kuishia kuharibika kibofu na figo. Theodor Bilharz aliwaona minyoo hao Cairo mwaka 1851, na Robert Leiper akaonyesha huko huko Misri mwaka 1915 kwamba konokono ndiye mwenyeji wa kati. Watu wa pwani walikuwa na jina la ugonjwa huo bila kungoja hadubini ya mtu.

Katika miaka ya 1980 Msambweni ikawa mahali pa vita vya kisayansi dhidi ya kichocho. Charles King wa Case Western Reserve, pamoja na Ouma na idara ya serikali iliyoshughulikia maradhi yanayoenezwa na wadudu na konokono, walipima watoto wa shule na kulinganisha dawa mbili: metrifoneti, ambayo ilibidi irudiwe rudiwe, na prazikwanteli, inayomezwa mara moja. Zote mbili zilipunguza mayai kwenye mkojo, na prazikwanteli ndiyo iliyobaki kutumika. Bara zaidi, katika kijiji cha Mwachinga, wataalamu wa Kijapani na wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, walifuatilia nani anaingia majini, saa ngapi na kwa kazi gani, kisha wakaangalia mabomba ya maji yakibadilisha nini. Na katika miaka hiyohiyo pampu za mkono zilikuwa zinafanyiwa majaribio Kwale, kazi iliyosaidia kuzaa pampu ya Afridev, iliyobuniwa ili wanawake wa kijiji waweze kuifungua na kuitengeneza wenyewe kwa spana. Kwa afya ya watu wa Kwale naamini pampu hiyo imefanya kazi kubwa kuliko makala mengi ya kitaalamu, na wanawake walioshika spana hizo wanastahili kitabu chao.

Lakini watoto waliotibiwa walirudi majini, na minyoo ikarudi mwilini. Mtu aliweza kuishi na kichocho utoto mzima. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mnyoo huyu ni mgeni anayekaa miaka, na mwili uliokosa namna ya kumfukuza ulilazimika kupata namna ya kuishi naye. Namna hiyo ndiyo iliyokuwa fumbo.

Fumbo lenyewe lilikuwa limeanza kuonekana mwaka 1968, katika jarida moja la tiba la Uingereza, kwa makala mawili yasiyojuana. La kwanza lilitoka Nigeria. Brian Greenwood, daktari aliyekuwa akifanya kazi Ibadan, aliona kwamba baridi yabisi, ule ugonjwa ambao mwili hushambulia viungo vyake wenyewe, ni nadra sana kwa wagonjwa wake, akashuku kwamba maradhi ya vimelea yana mkono. La pili lilihusu watoto wa Ethiopia. S. G. O. Johansson wa Uswidi, mmoja wa waliogundua IgE, alipima damu ya watoto wadogo wa huko na kukuta kingamwili hiyo iko juu mara nyingi kuliko kwa watoto wa Uswidi, na walioongoza ni wale wenye minyoo ya tumbo.

Linganisha mambo hayo mawili uone ugumu wake. IgE ndiyo chanzo cha mzio. Mtu mwenye mzio wa vumbi huvuta hewa yenye mabaki ya utitiri wa godoroni, na IgE iliyokaa juu ya seli za masti huyanasa mabaki hayo. Seli hizo humwaga histamini. Nyuma yake kuna seli T wasaidizi wa aina ya pili, zinazotoa ishara ziitwazo interlukini: ya 4 huagiza IgE zaidi, ya 5 huita seli za eosinofili, ya 13 hufanya utando wa mirija ya pumzi utoe makamasi mazito. Misuli hujikaza, mirija huvimba, na mtu hutweta. Jeshi hilo hilo, kwa silaha hizo hizo, ndilo mwili unalolituma dhidi ya minyoo. Basi mtoto mwenye minyoo, mwenye IgE iliyofurika, angepaswa kuwa wa kwanza kukohoa usiku. Mbona hakuwa?

Jibu la kwanza lilikuwa la hesabu tu. Wataalamu walisema nafasi zote juu ya seli za masti zimejazwa na IgE ya minyoo, kwa hiyo IgE ya vumbi haina pa kukaa. Wengine wakatazama upande mwingine. Mwaka 1989 David Strachan alichambua habari za Waingereza 17,414 waliozaliwa katika wiki moja ya Machi 1958 na kuona kwamba mtoto mwenye kaka na dada wengi wakubwa alikuwa na mafua ya mzio kidogo kuliko mtoto wa kwanza au wa pekee. Uchafu na maambukizo ya utotoni, alifikiri, vina kinga ndani yake. Kwa Kenya, kundi la Ng'ang'a na Odhiambo liliwakimbiza watoto wa shule wa Nairobi na wa Murang'a kisha likawapima pumzi: mirija ilijibana kwa asilimia 22.9 ya watoto wa mjini na asilimia 13.2 ya wa mashambani. Hayo yalichapishwa mwaka 1998. Baadaye kidogo, utafiti uliolinganisha watoto wa mji wa Thika na wa kijiji cha Kabati ulionyesha kwamba Thika IgE ya mzio ilikwenda pamoja na mirija inayojibana, ilhali Kabati vitu hivyo viwili havikuandamana. Mtoto wa Kabati aliweza kuwa na silaha zote na bado asiwe na vita.

Mwaka 2000 jibu lilitoka Lambaréné, Gabon, mji wa hospitali ya Albert Schweitzer. Maria Yazdanbakhsh na wenzake, Anita van den Biggelaar akiwa mwandishi wa kwanza, walipima watoto 520 wa shule. Kichocho cha huko ni kile kile cha Msambweni, Schistosoma haematobium, kinachokaa kibofuni. Watoto wenye kichocho walikuwa na IgE dhidi ya utitiri wa vumbi, lakini ngozi zao zilipochomwa na majimaji ya utitiri huo hazikuvimba kama za wenzao wasio na kichocho. Nadharia ya nafasi kujaa haikutosha tena kueleza. Kilichoandamana na utulivu ule ni ishara nyingine, interlukini-10, ambayo kazi yake ni kutuliza. Watoto wa Lambaréné walipotibiwa minyoo ya tumbo mara kwa mara, na matokeo kutolewa mwaka 2004, ngozi zao zilianza kuuona utitiri. Mnyoo alipoondoka aliondoka na kitu.

Kitu hicho, seli zinazotuliza seli nyingine, kilikuwa na historia ya aibu. Mwaka 1969, Yasuaki Nishizuka na Teruyo Sakakura, katika kituo cha saratani cha Aichi, Japani, waliondoa tezi ya thaimasi kwa panya waliokuwa na siku tatu tangu kuzaliwa. Walitegemea kinga dhaifu. Badala yake miili ya panya iliharibu ovari zake yenyewe. Mwaka uliofuata Richard Gershon na Kazunari Kondo wa Yale wakapendekeza kwamba zipo seli T ambazo kazi yake ni kuzuia seli nyingine. Wazo likapendwa, likapambwa, likajazwa mambo yasiyokuwepo, na katikati ya miaka ya 1980 lilipoanguka, lilianguka kwa kishindo. Mtaalamu aliyetaja seli za kuzuia alionekana kama anayesimulia habari za majini.

Shimon Sakaguchi hakuacha. Aliendelea na panya wa Aichi, akiamini kwamba tezi ya thaimasi hutoa, siku za mwanzo za maisha, seli za kulinda amani. Mwaka 1995 alizipata: seli T zenye alama iitwayo CD25. Aliponyima panya seli hizo, miili yao ilijigeukia. Upande wa pili wa Pasifiki kulikuwa na panya wengine, ukoo uliotokea Oak Ridge, Tennessee, katika miaka ya 1940, ambao madume yake huzaliwa na ngozi ya magamba, bandama iliyovimba, na kufa baada ya wiki chache. Mary Brunkow na Fred Ramsdell, katika kampuni ndogo karibu na Seattle, walitafuta kasoro hiyo herufi kwa herufi mpaka mwaka 2001 wakaifikia jeni iliyopewa jina FOXP3. Mwaka 2003 Sakaguchi na maabara nyingine mbili zilionyesha kwamba FOXP3 ndiyo inayoifanya seli iwe mlinzi wa amani. Wavulana wachache duniani huzaliwa na kasoro katika jeni hiyo. Hupata kisukari wakiwa wachanga, kuharisha kusikokoma, ukurutu, na IgE iliyopanda sana. Kwa watu hao unaona waziwazi jinsi mzio unavyokuwa pale ambapo msuluhishi hakuzaliwa. Tarehe 6 Oktoba 2025 Brunkow, Ramsdell na Sakaguchi walitangazwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Seli hizo huitwa seli T dhibiti. Mimi naziita wasuluhishi, na nikizieleza kwa mtu wa Kwale humwambia afikirie wazee wa ngambi, lile baraza la usuluhishi. Ngambi haipigani. Hukaa katikati ya wanaotaka kupigana, huondoa sababu, hugawa maneno. Msuluhishi wa mwili hufanya hivyo kwa njia zake: humwaga interlukini-10, hunyonya chakula ambacho seli za vita zinakihitaji ili kuongezeka, hushusha mikono ya seli zinazotangaza habari za adui. Kwenye mirija ya pumzi kazi yake ni kusema, kila mara mtu anapovuta hewa, kwamba hili ni vumbi tu. Mtu huvuta pumzi karibu mara 20,000 kwa siku, kwa hiyo kauli hiyo hutolewa mara nyingi sana.

Mnyoo na msuluhishi walikutanishwa rasmi mwaka 2005, Edinburgh. Mark Wilson na Rick Maizels walikuwa na panya waliofanywa wapate mzio wa mapafu, baadhi kwa protini ya utitiri wa vumbi. Wakawapa mnyoo wa utumbo wa panya, Heligmosomoides polygyrus. Mapafu yalitulia: eosinofili chache, uvimbe mdogo. Kisha wakafanya jaribio ambalo ndilo kiini cha historia hii. Walichukua seli T dhibiti kutoka kwenye tezi za utumbo wa panya wenye minyoo na kuwapa panya wenye mzio ambao hawakuwahi kuwa na mnyoo. Nao wakatulia. Utulivu ulisafiri ndani ya seli, mnyoo mwenyewe akiwa hayupo. Miaka miwili baadaye, utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwa watu kile kilichotarajiwa: kiwango cha seli T dhibiti katika damu ya wenye kichocho cha tumbo kilishuka baada ya dawa kufaulu.

Sasa turudi kwenye damu ya kitovu, kwa sababu haikwisha kusema.

Watoto wa Kwale waliozaliwa wakiwa tayari wanaijua minyoo walichanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu inayotolewa mtoto akizaliwa. Baada ya miezi 10 hadi 14 walipimwa. Nguvu ya ishara ya kupambana na kifua kikuu ilikuwa mara kumi zaidi kwa watoto ambao tumboni hawakukutana na minyoo. Hayo yalichapishwa mwaka 1999. Mwaka 2009 timu ileile, kwa watoto waliozaliwa Hospitali ya Msambweni, ilieleza habari ya malaria: kati ya watoto ambao mama zao walikuwa na malaria wakati wa ujauzito, wako ambao seli zao hazikuitikia kimelea, badala yake zilitoa interlukini-10 kwa wingi, na watoto hao waliambukizwa malaria kwa urahisi zaidi walipokua. Mwaka 2015 likafuata la chanjo nyingine, kwamba vimelea vya mama mjamzito vinaweza kupunguza kingamwili ambazo mtoto anapata kwa chanjo za donda koo na za bakteria wa homa ya uti wa mgongo aina ya Hib.

Nimeyasoma makala hayo mara nyingi, na kila mara nasimama hapo. Amani inayofundishwa tumboni haichagui. Msuluhishi anayemtuliza mtoto mbele ya utitiri wa vumbi anaweza kumtuliza pia mbele ya kifua kikuu, mbele ya malaria, mbele ya chanjo ambayo mama ametembea kutwa jua likiwaka ili mwanawe aipate. Mnyoo hafundishi amani kwa faida yetu. Anafundisha amani ili yeye akae, na mtoto wa Kwale amelipia masomo hayo kwa mkojo wa damu, kwa upungufu wa damu, kwa kusinzia darasani, na pengine kwa chanjo isiyoshika.

Kwa hiyo siwezi kuvumilia maneno yanayosikika siku hizi kutoka nchi zilizosahau minyoo, kwamba tumekosea kuifukuza. Nottingham, Uingereza, waliwahi kuwapa watu wenye pumu mabuu kumi ya safura kila mmoja. Wagonjwa walikuwa 32, nusu wakipewa dawa bandia, na pumu haikupungua kwa kiasi cha kutegemewa. Matokeo yalitoka mwaka 2010. Walijitolea kwa hiari yao, walifuatiliwa kwa karibu, na mwisho walipewa dawa ya kuwatoa minyoo. Mtoto wa Milalani mwaka 1985 hakuulizwa.

Na bado siwezi kumdharau mzee anayesema minyoo ina kazi yake. Pwani neno mchango hutaja mnyoo wa tumboni na pia maradhi ya tumbo, kama kwamba mwenye nyumba na mpangaji ni kitu kimoja. Katika miaka ya 1990 mwanaanthropolojia Wenzel Geissler aliwasikiliza watoto wa shule wa Kijaluo, huko Bondo, wakimweleza kwamba minyoo ni sehemu ya tumbo, inasaidia chakula kusagika, na shida huja tu ikizidi. Maafisa wa afya waliona huo ni ujinga wa kuondolewa darasani. Mimi naona walikuwa wanasema, kwa lugha yao, jambo ambalo Edinburgh ililithibitisha nusu yake kwa panya.

Swali zito zaidi lilibaki: tukiwafukuza minyoo, je, tunaita pumu? Uganda ilijaribu kulijibu kwa ujasiri. Entebbe, kati ya mwaka 2003 na 2005, wanawake wajawazito 2,507 waliandikishwa na timu ya Alison Elliott, wengine wakapewa dawa za minyoo na wengine dawa bandia. Watoto wa waliopewa albendazoli walipata ukurutu zaidi, na vivyo hivyo watoto wa wenye kichocho cha tumbo waliopewa prazikwanteli. Harriet Mpairwe na wenzake walitoa habari hizo mwaka 2011. Ziliogofya. Kisha ikaja kazi ya visiwa vya Koome, Ziwa Victoria, kwenye vijiji vya wavuvi ambako kichocho kimejaa. Vijiji vingine vilipewa dawa mara nyingi, vingine kwa kiwango cha kawaida, kwa miaka mitatu. Mwaka 2019 Richard Sanya na wenzake walitangaza kwamba kukoroma kwa kifua hakukuongezeka, wala ngozi haikuvimba zaidi kwa vumbi.

Matokeo hayo mawili yanapingana tu kwa anayesahau kitovu. Mtu mzima wa Koome aliyekunywa dawa miaka mitatu alikuwa na wasuluhishi waliofundishwa tangu tumboni, na ujuzi wa namna hiyo haufutiki kwa vidonge vichache. Mtoto wa Entebbe alikuwa bado yuko shuleni, ndani ya mama, pale mwalimu alipoondolewa. Hivyo ndivyo ninavyoyaelewa mimi, nikisoma ya Uganda kwa macho yaliyozoea ya Kwale.

Maabara sasa zinatafuta ujuzi bila mwalimu. Kundi la Maizels lilipata, mwaka 2017, protini moja ambayo mnyoo wa panya huimwaga. Haifanani kwa umbo na ishara yetu ya mwili iitwayo TGF-beta, ila inaingia kwenye kufuli ileile na kuzigeuza seli T za kawaida kuwa dhibiti. Mwaka huohuo ikapatikana nyingine inayofunga interlukini-33, king'ora ambacho utando wa mapafu hukipiga vumbi linapoingia. Ikifika siku ya kuwa dawa, itaingia kwenye pampu ya pumu, na atakayeivuta hatajua ilianzia wapi.

Kwale kwenyewe kazi ya kufukuza iliendelea. Mwaka 2012 Kenya ilianza kugawa dawa za minyoo mashuleni kwa mpango wa taifa. Kuanzia mwaka 2015 hadi 2017 wahudumu wa afya wa vijiji walibisha hodi nyumba kwa nyumba katika maeneo mengi ya kaunti, chini ya utafiti uliopewa jina TUMIKIA: Tuangamize Minyoo Kenya Imarisha Afya. Maeneo 120 yaligawanywa kwa kura. Palipotibiwa watoto wa shule peke yao, safura ilishuka kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8. Palipotibiwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo, mara mbili kwa mwaka, ilishuka kutoka asilimia 20.6 hadi 6.2. Hiyo ni damu iliyorudi kwenye miili ya watu.

Msichana aliyemeza kidonge chake darasa la nne mwaka 2012 leo ana umri wa kuzaa. Yeye na wenzake ni kizazi cha kwanza cha akina mama wa Kwale kubeba mimba baada ya kutolewa minyoo tangu utotoni kwa mpango wa taifa. Mtoto wake atatoka wodini amefungwa leso, atalazwa kwenye godoro lenye utitiri uleule uliokuwa kwa bibi yake, na seli zake zitakutana na vumbi hilo pengine bila kuwa zimemjua mnyoo. Baada ya siku chache kitovu kitadondoka. Bibi atakichukua, atatafuta mnazi.